Mipira ya zamani ya riaktivu bado ndiyo yenyewe kwa leni zetu za Mombasa

Mwana wa Tudor (mleta uzi)

Wadau wa bolingi hapa Mombasa salamu sana. Naleta huu uzi manake kila nikiingia ukumbini nasikia maneno ni yale yale, ati mpira ukishakula miaka mitano sita ni wa kutupa, ati ganda lishakufa, nunua mpya uone raha. Mi nasema mpira wa riaktivu, yaani ule wenye ganda linalonyonya mafuta ya leni, hata wa zamani ukiwa mzima na umetunzwa, kwa leni hizi zetu unakufaa kuliko huo mpya wa bei ya kuumiza, na siongei kwa ubahili, naongea kwa sababu ya mafuta.

Ntaeleza. Toka mstari wa faulo hadi pini ya mbele ni futi 60, na kwa kawaida mafuta hupakwa kama futi 40 hivi za mwanzo, zilizobaki zinaachwa kavu, tena katikati mengi pembeni machache. Mpira wa riaktivu unatakiwa uteleze kwenye mafuta ukiwa umetunza nguvu, ukifika pakavu ushike, ukate kona, uingie kati ya pini ya 1 na ya 3 kwa sisi wa mkono wa kulia. Pembe inayotafutwa pale ni digrii 4 hadi 6. Ukirusha mstari mnyoofu hata digrii 2 hufikishi, hata usimame pembeni kabisa ya leni, ndo maana unaona mtu kapiga pini ya mbele vizuri tu halafu zinabaki mbili huku mbili kule anashika kichwa.

Sasa hizo futi 40 kwetu ni za kwenye karatasi. Mnajua Jumamosi inavyokuwa. Mashine ya mafuta inapita asubuhi, ikifika saa kumi zishapita besdei za watoto, wageni wa hoteli, familia nzima nzima, na wote wanatumia ile mipira ya ukumbi ya rangi rangi ambayo ni poliesta, plastiki ya kawaida. Poliesta hainyonyi mafuta, inayasukuma mbele tu, kwa hivyo mwanzo wa leni unakauka na kule mwisho ambako mpira ulitakiwa ushike kunapakwa mafuta ambayo hayakutakiwa kuwepo. Leta mpira wako mpya wa ganda kali uliopigwa msasa, unashika mapema mno, unaanza kubingirika kabla hata ya nusu ya leni, ukifika kwenye pini nguvu zishaisha na pini ya 10 inabaki imesimama. Mtu anasema amerusha vibaya kumbe amerusha vizuri sana, mpira ndio wa leni nyingine.

Ile ya miaka ya 90 mwishoni na 2000 mwanzoni, hasa yenye ganda la lulu, lile la kumetameta, ilitengenezwa wakati leni hazimwagiwi mafuta mengi hivi. Ganda likazidi kuwa kali, wenye kumbi huko nje wakaongeza mafuta, viwanda vikakaza ganda tena, wakaongeza tena, ndo tukafika hapa. Sisi mafuta hatujaongeza. Leni yetu iko pale pale kwa hivyo mpira uliopigiwa hesabu ya leni kama hiyo ndio unaojua kazi.

Angalieni kitu kimoja mkicheza. Mpira ukirudi usiufute kwanza, ugeuze kwenye mwanga uone pete za mafuta zilizojichora kwenye ganda. Kila mzunguko mpira unagusa leni sehemu tofauti kidogo ndo zinatokea zile pete, zinakutana karibu karibu sehemu mbili halafu zinapanuka katikati. Kwenye mpira mpya mkali zimeachana sana, yaani kila mara unaleta ngozi mpya kavu kugusa leni, unashika tu. Kwenye ile ya zamani iliyo mipole zimebanana, unaweza kuzifunika kwa vidole viwili vitatu. Hizo pete zilizobanana ndizo zinazokupitisha salama kwenye zile futi za mwanzo zilizokauka.

Kijana wa Bamburi

Kaka Tudor nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe kabisa. Hao mabingwa wa PBA, wale wa kulipwa wa Marekani, mbona hatuwaoni na mipira ya 1998? Teknolojia imeenda mbele yakhe. Mi nina mpya, ukishika unashika, nikipata straiki pini zinaruka hadi leni ya jirani. Halafu we mwenyewe unajua ganda la riaktivu linanyonya mafuta, sasa mpira umechezwa miaka yote hiyo si ushajaa? Ukishajaa unateleza tu sawa na wa ukumbi, hapo faida ya uzamani iko wapi

Mwana wa Tudor

Mdogo wangu umeuliza vizuri. PBA wanacheza kwenye mafuta ya mipango maalum, mafupi leo marefu kesho, na mchezaji anakuja na mipira chungu nzima, leni ikibadilika anabadilisha mpira. Wewe na mimi tunashuka kwenye tuktuk na mkoba wa mpira mmoja. Huo mmoja lazima uwe wa katikati, wa kuvumilia leni asubuhi ikiwa na mafuta na jioni ikiwa imekauka.

Na hii ya teknolojia tuiangalie polepole. Mpira una ganda na una kiini. Kiini ndio lile donge zito la ndani lenye umbo lake, ganda ndilo linalogusa leni, na wengi wanakubaliana kwamba ganda ndilo lenye sauti kubwa zaidi. Kilichokimbia sana miaka hii ni ganda. Viini je? Mpira wa Black Widow wa kampuni ya Hammer ulitoka miaka ya 2000 katikati na kile kiini chake wanachokiita Gas Mask, RG 2.50 na tofauti 0.058, mpaka leo wanakizungushia maganda mapya na kukiuza. RG kwa asiyejua inaonyesha uzito umekaa karibu na katikati au umesogea nje, ikiwa ndogo mpira unaanza kubingirika mapema. Ile tofauti ndiyo inayopanua zile pete nilizosema. Au chukua mpira wa Hy-Road wa kampuni ya Storm, umetoka 2009, RG 2.57 na tofauti 0.046, mipira mingine inaondolewa sokoni baada ya mwaka au miwili lakini hii ilikaa kwenye katalogi miaka na miaka. Kiwanda hakiweki mpira kwenye orodha muda wote huo kwa huruma, watu walikuwa wanaurudia. Ukiutazama ni mpira wa kawaida tu, hauna makeke, unateleza wastani unakata wastani na ukikosea kidogo shabaha bado unakuletea pini nane tisa. Huo ndio natumia mimi.

Hilo la kujaa mafuta ni kweli, siwezi kulikataa, lakini lina dawa. Ntalirudia chini.

Mzee wa Makupa

Wanangu nimesoma nimefurahi sana. Mi nilikuwa baharini miaka hiyo, meli ikifunga Singapore au Dubai mabaharia tulikuwa tunaingia bolingi badala ya kumaliza mshahara kwingine. Kwa hivyo haya mambo nimeyaona yakibadilika kwa macho yangu.

Kwanza tulikuta yurethani, ganda la plastiki lenye kushika leni. AMF walileta Angle mwaka 1981 na wengine wakafuata, kabla ya hapo ilikuwa ni mpira wa raba halafu poliesta. Yurethani kona yake ndefu ya taratibu, inaanza kupinda mapema inaendelea kupinda hadi mwisho, unaiona yote. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 90 wakachanganya rezini ndani ya ile yurethani, Nu-Line na X-Calibur yao ndio waliotangulia, ganda likawa na vitundu vidogo mno jicho halioni, hivyo ndivyo vinavyonyonya mafuta. Siku ya kwanza kuuona huo mpira, jamaa mmoja Mfilipino aliurusha ukaenda umenyooka mpaka nikasema huyu kapoteza, halafu kule mwisho ukavunja kona ghafla ukaingia mfukoni, pale pembeni ya pini ya mbele, pini zote chini. Tuliacha kucheza tukasimama nyuma yake tunamtazama yeye tu.

Lakini mwanangu Tudor nikurekebishe kidogo. Ile riaktivu ya mwanzo mwanzo haikuwa mpole. Ikiguswa na mafuta kidogo tu inapita moja kwa moja, ikiguswa na pakavu inaruka kupita kiasi, leo inakupa straiki kesho inakuacha na pini zimegawana pande mbili. Upole ulikuja baadaye walipojua kupanga ganda na kiini pamoja. Kwa hivyo mtu asiende kuokota chochote cha zamani akadhani ni kile unachosifu wewe. Hata hivyo naungana nawe, usiache mbachao kwa msala upitao, huo ulioshika mkononi unaujua tabia.

Mwana wa Tudor

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa hiyo. Umesema kweli na ni muhimu watu waisome vizuri. Ile ya kuruka kupita kiasi tunaipunguza kwa msasa. Mpira wa lulu uliong'arishwa sana ndio wenye hasira kule mwisho. Ukiutoa ule ung'avu kwa pedi ya msasa ya namba 2000 au 4000, kwa maji, ukazungusha pande zote sawa sawa, unaanza kuhisi leni mapema kidogo na ile kona ya mwisho inakuwa ya duara badala ya kuvunjika. Mpira ule ule, tabia nyingine. Ndo raha ya hii mipira, unaichezea ganda mpaka inakaa unavyotaka, na kwa vile haikuwa mikali toka mwanzo, ukiongeza msasa kidogo hauvuki mpaka.

BintiKizingo

Habari zenu kaka zangu, shikamoo Mzee wa Makupa. Mimi nina mpira wa ami yangu, alirudi nao toka Uingereza zamani, ratili 14, ulikuwa stoo ndani ya mkoba wake. Nimeupeleka ukumbini umeteleza tu haukati hata kidogo, na ukiushika mikono inanata. Nimeambiwa umekufa. Ni wa riaktivu kweli manake ami alikuwa anausifu sana. Je ndo basi? Na hiyo dawa ya mafuta uliyoahidi kaka Tudor iko wapi

Mwana wa Tudor

Dada usiutupe kabisa. Kunata na kuteleza kwa pamoja maana yake umejaa, ganda limenywa mafuta ya leni na limekaa nayo miaka, kama mahamri yaliyokaangwa mafuta hayajapata moto. Tunayatoa.

Ziba matundu ya vidole na gluteipu nzuri isiyopitisha maji. Chukua ndoo, weka maji ya moto lakini yasizidi nyuzi 60, hapo nasisitiza, usichemshe sufuria ukamimina, pima kwa kipimajoto cha jikoni na kama huna basi maji ya bomba la hita yanatosha. Tia sabuni ya vyombo kidogo. Zamisha mpira kama dakika ishirini hivi, maji yakipoa badilisha. Utaona juu ya maji kunatokea utando wa mafuta na ukiutoa mpira unakuta umetoka vijasho vidogo vidogo ganda zima, vifute na kitambaa kikavu hapo hapo kabla havijarudi ndani. Rudia mpaka maji yatoke safi. Acha ukauke kabisa kabla ya kucheza. Halafu upige msasa mpya, manake ganda lililochezwa sana limejilaza na vile vitundu juu vimeziba, ukimaliza mafuta bila msasa umefanya nusu ya kazi.

Siku zote baada ya kucheza ufute kwa spiriti mpira ukiwa bado na joto la leni, hapo mafuta yanatoka kwa urahisi. Ukisubiri ufike nyumbani ushachelewa.

Sitakudanganya kwamba unarudi upya wa dukani. Kuna vile vilainishi vilivyochanganywa kwenye ganda kiwandani, hivyo vinapotea na miaka na haviwekwi tena. Lakini nguvu iliyobaki inatosha na kuzidi kwa leni zetu, na hilo ndilo ninalolisema toka juu, kwa leni yenye mafuta mengi ningekuambia nunua mwingine.

BintiKizingo

Nimefanya!! Maji yametoka ya manjano na yananuka. Leo nimecheza asubuhi, unakata kaka, tena vizuri, nimemtumia ami video amefurahi mno anauliza nani amenifundisha. Swali lingine, naweza kuuacha kwenye buti ya gari nisiwe naupandisha gorofani kila siku?

Mwana wa Tudor

Hongera sana dada, msalimie ami. Buti HAPANA. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa wote. Jua letu hili la Februari na Machi, gari limeegeshwa nje mchana kutwa, ndani ya buti ni tanuri. Ganda linalainika, mafuta yaliyomo ndani yanatoka nje, halafu unautoa hapo unaingia nao ukumbi wenye eisii ya kuganda vidole. Ganda na kilicho ndani havitanuki wala kusinyaa kwa kiwango kimoja, kwa hivyo vinavutana, na pa kupasukia kwanza ni kati ya matundu ya vidole au kwenye tundu la gumba. Mipira mingi mizuri ya zamani imefia kwenye buti hapa mjini, haikufia leni. Weka ndani ya nyumba, mahali pa kivuli, mbali na dirisha, na kama haujachezwa muda mrefu uzungushe ulalie upande mwingine mara moja moja.

Kijana wa Bamburi

Sawa nimeanza kuelewa, lakini si nilisikia 2022 mipira ya zamani ilipigwa marufuku Marekani kwa kulainika? Hii ya kwenu si ndo itakuwa laini zaidi

Mwana wa Tudor

Hapo watu wamechanganya mambo. Uliozuiwa ni ule Purple Pearl Urethane wa Hammer, wa 2016 na 2017, serial namba ya kiwandani ikianza na 6 au 7, USBC, chama cha bolingi cha Marekani, waliuondoa kwenye mashindano yao ya kitaifa manake wakiupima ugumu mingi inaanguka chini ya 72 ambacho ndicho kilichokuwa kiwango. Huo ni wa yurethani. Na mwaka huo huo kuna ya Storm, ya riaktivu, mipya ya wakati ule, nayo ikazuiwa kwa ishu hiyo hiyo ya ugumu. Kwa hivyo kesi ilihusu ulaini wa ganda, na umri haukuwa hoja, mpya ilishikwa na iliyochezwa ikashikwa.

Likoni Straiki

Wazee mi niko Kongowea saa hii kwenye mitumba, kuna jamaa ana mpira wa Columbia 300, mzito, anataka elfu mbili. Una matundu manne! Matatu ya vidole na moja pembeni peke yake. Nichukue nisichukue, nijibuni haraka kabla hajamuuzia mwingine

Mwana wa Tudor

Tulia ndugu yangu hapo hakuna anayegombania mpira wa bolingi. Hilo tundu la nne la pembeni ni la kusawazisha uzito, zamani lilikuwa ruhusa na mafundi walikuwa wanalitumia kuongeza au kupunguza kona. Toka tarehe 1 Agosti 2020 sheria za USBC zimelikataa, tundu ambalo huingizi kidole wakati wa kurusha haliruhusiwi, linazibwa. Kwa kucheza hapa kwetu na marafiki halina neno, ila ukitaka mashindano yanayofuata hizo sheria uzibe, na ukiziba ujue kona itabadilika kidogo.

Sasa fanya hivi. Washa tochi ya simu, angalia katikati ya matundu mawili ya vidole, ufa mwingi unaanzia hapo. Tema mate au mwagia maji halafu futa, ufa unabaki na mstari wa maji. Pitisha ukucha, kama ukucha unanasa achana nao, ufa unaofika kwenye kijazo cha ndani hautibiki kwa pesa ya maana. Mikwaruzo ya kawaida usiijali, msasa unaitoa. Pima uzito kwenye mizani ya mwenye nyanya hapo jirani, usizidi ratili 16 na kwa mwili wako mi ningesema 14 au 15.

Likoni Straiki

Mizani inasema kilo 6.7. Ufa hamna, nimepitisha ukucha kote. Ila tundu la gumba kubwa, gumba langu linacheza ndani, na vidole vyangu haviyafikii vizuri yale mawili

Mwana wa Tudor

Kilo 6.7 ni kama ratili 15 kasoro kidogo, poa sana. Matundu yote utayaziba utoboe upya, hilo halikwepeki, mpira usiokaa mkononi utakuumiza kifundo cha mkono na utaubana kwa nguvu badala ya kuuachia. Usimpe fundi wa drili ya mkononi hata akikuapia. Tafuta mwenye mashine ya kusimama iliyofungwa chini, mpira ushikwe usitikisike, na mwende na vipimo, toka gumba hadi mkunjo wa vidole viwili, kila kidole peke yake manake havilingani. Tundu la gumba muache dogo kidogo kwanza, mengine unamalizia mwenyewe nyumbani na msasa uliozungushwa kwenye kijiti, kidogo kidogo, unajaribu, unaongeza, mpaka gumba litoke lenyewe bila kuvutwa. Kingo za tundu uziondoe makali vile vile. Kazi ya jioni moja lakini ndiyo inayoamua kama utaupenda huo mpira au utauchukia.

Mpe elfu moja kwanza. Akikataa fika elfu na mia tano, usipite hapo, kuziba na kutoboa kutakula pesa zaidi ya mpira wenyewe. Ukiupata njoo nao Jumapili asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, ntakuletea pedi za msasa.

Likoni Straiki

Elfu na mia mbili. Niko nao kwenye matatu naelekea ferry.